Mwanao daktari anaposema anarudi shule

Kijana amesomea udaktari miaka mitano, akamaliza mwaka wa mafunzo kazini, akapangiwa hospitali Ngara au Biharamulo. Nyumbani wamepumua. Baba akiumwa kuna wa kumpigia simu, na ada za wadogo zina mahali pa kutoka. Halafu siku moja anasema anataka kwenda kusomea utafiti.

"Kwani kutibu watu kumekushinda?" mama anauliza.

Swali hilo si la kubezwa. Shahada ya uzamivu huweza kula miaka minne na zaidi. Posho za zamu za usiku hukatika, na mwenye watoto wadogo huacha pengo ambalo simu ya video haizibi. Kibaya zaidi, familia nyingi hazielezwi mtoto anakwenda kutafuta nini.

Mfano mzuri uko Kagera kwenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983. Wodini madaktari waliwaona waliokwisha kuugua. Hawakuweza kuwaona waliobeba virusi huku bado wanalima, wanavua na kuoana. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, wakatoka hospitalini wakaenda kupima watu kwenye kaya.

Bukoba Mjini, asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi. Bukoba Vijijini na Muleba ilikuwa 10, Karagwe 4.5. Ngara na Biharamulo, ambayo wakati huo ilikuwa na Chato ndani yake, ni 0.4 tu.

Mkoa mmoja, tofauti kubwa kiasi hicho! Kwa mzazi wa Ngara ilimaanisha bado kulikuwa na muda wa kuwakinga vijana. Daktari anayeandika dawa mezani, hata awe hodari vipi, asingeijua tofauti hiyo.

Dk. Japhet Killewo, mmoja wa watafiti hao, alipata uzamivu Umeå mwaka 1994. Dk. Gideon Kwesigabo akafuata mwaka 2001, akionyesha kwamba Bukoba Mjini maambukizi yalishuka hadi asilimia 13.3 mwaka 1996. Ili kujua hivyo ilibidi watu warudi, wabishe hodi na kupima upya.

Kwa hiyo kabla ya kubariki au kukataa, familia ikae na kijana. Je, ana ruhusa ya mwajiri kwa maandishi? Mshahara utaendelea? Nani analipa ada ya chuo? Mwenzi wake amekubali, au ameambiwa tu? Hapo ndipo ndoa nyingi hukwaruzana.

Na mama wa Biharamulo anayekumbuka Januari 2025, Marburg ilipotangazwa wilayani humo na wagonjwa wote 10, waliothibitishwa na waliodhaniwa, wakafariki, ana swali lake la ziada: huo utafiti utaufanyia wapi, mwanangu?