Ukuta wa Kozi Tatu, Fedha za Kozi Nne

Katika eneo la Nkoroi, kando ya Barabara ya Magadi kati ya Ongata Rongai na Kiserian, nyumba nyingi hujengwa kwa awamu na wenye ploti wenyewe, ambao huanza msingi kwa akiba waliyo nayo huku wakitarajia mkopo wa sacco au mishahara ya miezi ijayo iufikishe mjengo kwenye paa. Mwenye ploti wa namna hiyo mara nyingi huwa na makadirio, yaani orodha ya vifaa na bei zake, na huwa pia na mwezi anaotaka kuhamia. Anachokosa ni chombo cha kuviunganisha viwili hivyo, na hiyo ndiyo kazi ya programu za kuratibu miradi, ziwe za kulipiwa kama Microsoft Project au za bure kama ProjectLibre.

Kufunga bei kwenye ratiba si nyongeza ya juzi. James Kelley wa Remington Rand na Morgan Walker wa DuPont, walipoanza mwaka 1957 kubuni mbinu ya kutambua mlolongo wa kazi ambazo moja ikichelewa mradi mzima huchelewa, walishughulishwa tangu mwanzo na suala la fedha: ni kazi ipi iharakishwe ili siku zipungue kwa gharama ndogo kabisa. Kwa hiyo anayeongeza vibarua wa kujenga ua, ilhali nyumba yenyewe inasubiri fundi wa paa, analipia haraka isiyomkaribisha hata siku moja kwenye tarehe ya kuhamia.

Programu huanza kwa kuigawa nyumba katika kazi ndogondogo, kila kazi ikapewa muda wake na kazi zinazoitangulia, kisha gharama zikaingizwa kwa sura tatu. Ya kwanza ni ya watu, ambao huandikwa kwa ujira wa siku, hivi kwamba siku za fundi na mtu wa mkono zikiongezeka, gharama hupanda bila mtu kupiga hesabu upya. Ya pili ni ya vifaa, kama mfuko wa saruji, nondo au lori la mchanga, ambavyo bei yake hufuata idadi na wala si siku. Ya tatu ni malipo ya mara moja, kama ada ya kuidhinishiwa ramani na Kaunti ya Kajiado. Kwa malipo ya jumla yasiyofuata siku wala idadi, programu huuliza pia kama fedha zitatoka kazi inapoanza, inapokwisha, au kidogo kidogo, swali ambalo wengi hulipuuza ingawa ndilo linaloonyesha mwezi ambao mfuko utakauka.

Makadirio yenyewe hayawezi kuwa bora kuliko ardhi ilivyochunguzwa. Kwenye nyanda za Kitengela, udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na kwa kawaida hulazimu kuchimbwa na kuondolewa kabla ya msingi kujazwa, kazi ambayo mtu aliyenakili orodha ya jirani wa eneo lenye mwamba hataiona mpaka lori la kwanza la udongo lidai malipo.

Mpango ukikamilika, nakala yake huhifadhiwa bila kuguswa tena ili iwe kipimo. Tuseme ukuta wa kozi 9, yaani safu 9, hadi kwenye linta umepangiwa wiki 6 na shilingi 600,000. Wiki ya 3 inapokwisha, shilingi 300,000 zilipaswa kuwa zimetumika, lakini daftari linaonyesha 280,000, na mwenye nyumba anafurahia kuwa ameokoa 20,000. Programu, ikishaambiwa kwamba zimepanda kozi 3 tu, hutoa hukumu tofauti kabisa: kazi iliyofanyika ina thamani ya 200,000 kwa bei za mpango, kwa hiyo aliyetumia 280,000 amezidisha 80,000, na mwenendo huo ukiendelea ukuta utamgharimu takriban 840,000. Kipimo hiki cha thamani ya kazi iliyofanyika kiliwekwa katika kanuni za Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1967 kwa ajili ya mikataba mikubwa ya silaha, lakini hesabu yake ni kuzidisha, kugawanya na kutoa tu.

Pengo hilo la 80,000 lina sababu ambazo programu haizijui: huenda saruji imetoka nje ya geti usiku, huenda vifaa vya kozi zijazo vimenunuliwa mapema na bado vimo stoo, jambo lisilo na ubaya, au huenda bei zenyewe zimebadilika. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 ilipandisha ushuru wa thamani ya ziada kwenye petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16, na ikaweka ada ya asilimia 17.5 kwa klinka, malighafi ya saruji, inayoagizwa kutoka nje. Anayejenga wakati wa mabadiliko ya namna hiyo ana haki ya kuingiza bei mpya kwa kazi zilizobaki. Asichopaswa kufanya ni kuzifuta bei za zamani katika nakala ya kipimo, kwa kuwa baada ya hapo yeye mwenyewe hataweza kutenganisha shilingi iliyochukuliwa na kodi na ile iliyopotelea mjengoni.