Nguvu na Kasi katika Misuli ya Mwanamichezo Mzoefu

Kijana wa Nachingwea anayeanza kunyanyua chuma hupata nguvu upesi. Katika majuma machache ya mwanzo misuli yake huwa haijanenepa sana. Kilichobadilika ni mishipa ya fahamu, ambayo imejifunza kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa wakati mmoja. Unene hufuata baadaye. Lakini kwa mchezaji mzoefu, kama wale wa Namungo ya Ruangwa, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, faida hiyo ya awali imekwisha kuvunwa. Huko Ufini, Keijo Häkkinen na wenzake waliwafuatilia wanyanyua vyuma hodari kwa miaka miwili. Taarifa yao ya mwaka 1988 ilionyesha ongezeko dogo tu la nguvu.

Je, mchezaji wa namna hiyo aongezewe uzito wa chuma? Hapa ni rahisi kukosea, kwani nguvu na kasi si kitu kimoja. Mwaka 1938 A. V. Hill wa Uingereza alionyesha, kwa kutumia msuli wa chura, kwamba kadiri mzigo unavyozidi uzito ndivyo msuli unavyojifupisha polepole. Tena, msuli wa binadamu huhitaji sekunde 0.3 au zaidi ili kufikia nguvu yake yote, ilhali mguu wa mtu akimbiaye kwa kasi kubwa hugusa ardhi kwa muda wa karibu sekunde 0.1 tu. Mshambuliaji anayewania mpira na beki hana budi kutumia nguvu iamkayo ndani ya muda huo. Iliyobaki humfaa kidogo. Kwa hiyo chuma kizito kisiachwe, ila kiandamane na kuruka, mizigo ya wastani inayosukumwa kwa haraka, na mbio fupi za kasi yote zenye mapumziko ya kutosha.

Mazoezi ya pumzi nayo yana athari yake. Mwaka 1980 Robert Hickson wa Marekani aliwafanyisha watu mazoezi kwa majuma 10. Waliochanganya chuma na mazoezi ya pumzi waliendelea vizuri mwanzoni, kisha nguvu yao ikasimama na kushuka mwishoni. Kweli, hao hawakuwa wachezaji wa ligi, na mazoezi yao yalikuwa mazito mno. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa inayodhurika zaidi ni nguvu ya ghafla, hasa mazoezi yote mawili yakifanywa katika kipindi kimoja. Kocha anayewazungusha wachezaji uwanjani hadi wachoke, ndipo awaamuru wakimbie kwa kasi, huwazoeza kukimbia polepole. Mbio za kasi zitangulie, miguu ingali na nguvu.