Nani Anashika Freni ya Remoroki?

Leo tutazungumza habari ya muzigo unaofuata nyuma. Shofere anaangalia mbele: hapa iko shimo, pale mutu wa kinga, kule mbuzi. Kile kinachomufuata anakisahau. Lakini siku ya kusimama kwa gafula, kile cha nyuma ndicho kinapima nguvu ya freni.

Tuchukue motokari ya kilo 1.200. Inatembea kilometa 60 kwa saa, barabara ni kavu, mipira ni mizuri, freni zinashika vema. Tangu muguu unapokanyaga pedale mpaka motokari kusimama, inapita karibu meta 20. Sasa funga nyuma yake remoroki isiyo na freni, na remoroki pamoja na muzigo wake, mahindi, makala, mbao, ni kilo 1.200 vilevile. Freni ni zile zile mbili mbele na mbili nyuma. Mipira inayoshika chini ni ile ile. Lakini uzito umekuwa mara mbili, basi zile meta 20 zinakuwa 40. Tena tusisahau kwamba tangu jicho linapoona mutoto mpaka muguu kufika kwa pedale, segonde moja inapita, nayo inakula karibu meta 17. Jumla ni meta 57. Pima mwenyewe kwa hatua zako mbele ya nyumba, utaona ni mbali namna gani.

Na mutu asiseme: «Mimi ninakwenda mbio kidogo tu kupita wengine.» Mbio ikiwa mara mbili, nafasi ya kusimamia inakuwa mara ine.

Kwa kilima ni mubaya zaidi. Fasi barabara inaposhuka meta 10 kwa kila meta 100, kila tani ya muzigo inakusukuma kwa nguvu ya kilo 100, bila kupumuzika, mpaka chini. Freni za motokari peke yake zinashika yote. Zinapata moto, zinanuka, halafu pedale inakuwa kama inakanyaga bure. Na ukikanyaga kwa nguvu ndani ya kona, remoroki haitaki kugeuka. Inaendelea moja kwa moja, inasukuma mukia wa motokari pembeni, na vyote viwili vinajikunja kama kisu cha mufuko. Ndiyo sababu tunasema remoroki nzito iwe na freni yake yenyewe.

REMOROKI NDOGO

Katika inchi za Ulaya, remoroki isiyopita kilo 750 pamoja na muzigo inaruhusiwa kutembea bila freni, lakini isipite pia nusu ya uzito wa motokari inayoivuta. Kupita hapo, freni ni lazima. Ni kipimo kizuri, hata kwa mutu anayetoka shambani siku ya pili ya juma na hakuna polisi wa kumupimia. Kilo 750 ni mifuko ya mahindi saba hivi ya kilo 100, na chuma cha remoroki yenyewe kimeisha kuhesabiwa ndani! Basi, mifuko mitano. Wengi wetu tunapakia mara mbili ya hiyo na kamba juu.

Freni ya bei ndogo, ile mafundi wetu wanaijua zaidi, ni freni ya kusukumwa. Chuma kirefu cha kuvutia kimefanywa vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine. Motokari ikipunguza mbio, remoroki inataka kuendelea. Inasukuma mbele, kile chuma kinaingia ndani, kinavuta fimbo ya chini, na fimbo inakaza freni za magurudumu ya remoroki. Hakuna waya, hakuna tiyo. Remoroki inajishikia freni kwa uzito wake. Inafaa mpaka kilo 3.500, kupita hapo haitoshi tena.

Kasoro zake ni mbili. Ukirudi nyuma, remoroki inafikiri unasimama, na inakaza. Fundi wa zamani anaweka kifungo cha kuizuia. Shofere anakifunga ili arudi nyuma, halafu anasahau kukifungua na anafanya safari yote bila freni. Kile kifungo kipakwe rangi nyekundu. Kasoro ya pili ni kutu. Chuma cha kuteleza kisichopakwa grisi kinakauka ndani ya mavumbi yetu ya wakati wa jua, na hakitelezi tena. Remoroki inaonekana kuwa na freni, lakini haina.

Unaponunua, uliza tena kable ndogo ya hatari. Inafungwa kwa motokari, fasi ingine, si juu ya kile kichwa cha kuvutia. Remoroki ikichomoka njiani, kable inavuta freni ya mukono ya remoroki kwanza, ndipo inakatika. Bila kable hiyo, remoroki iliyochomoka inatafuta mutu wa kuponda.

Wamarekani wanapenda freni ya umeme: sumaku ndani ya kila gurudumu, na kasanduku karibu na shofere kanachopima nguvu. Ni nzuri, inatii haraka. Lakini inataka waya safi na kapile kadogo juu ya remoroki kwa hatari ya kuchomoka. Mwenye kukaa mbali na fundi wa umeme achague ile ya kusukumwa.

MOTOKARI NYUMA YA MOTOKARI

Kule Marekani iko desturi moja ya kushangaza. Watu wanasafiri ndani ya kamio iliyofanywa kama nyumba, na kitanda na jiko, na nyuma yake wanavuta motokari yao ndogo, magurudumu yote mane chini, bila mutu ndani. Nani atakanyaga freni ya ile ndogo? Wengine wanaweka kasanduku mbele ya kiti cha shofere, kenye mukono wa chuma unaosukuma pedale kila mara kamio inapopunguza mbio. Wengine wanafunga chombo cha kudumu chini ya motokari. Kasanduku ni rahisi kuhamisha. Lakini kikiwekwa vibaya kinakanyaga pedale njia yote, na freni zinaungua. Kwa hiyo wanaweka taa mbele ya shofere wa kamio, imwambie freni ya nyuma inashika wakati gani.

Inatuhusu, sababu sisi pia tunavuta motokari zilizokufa. Tofauti ni kwamba yetu ina mutu ndani. Sikiliza, wewe unayekaa ndani ya ile ya nyuma: motere imekufa, basi ile nguvu inayosaidia freni imekufa pamoja nayo. Mara ya kwanza au ya pili pedale itaonekana nzuri. Kiisha inakuwa ngumu kama jiwe. Inashika bado, lakini kwa nguvu ya muguu wako yote. Usukani pia unakuwa muzito. Na ufunguo usiuondoe, usukani utajifunga na hautageuka.

Kamba ni ya barabara ya sawasawa na mwendo wa pole, na kitambaa chekundu katikati. Kwa kushuka kilima, kamba haisaidii kitu, ya nyuma itaingia ndani ya ile ya mbele. Chukua chuma cha kuvutia; hata hivyo, wa nyuma aendelee kukanyaga freni yake, asilale. Na kama freni zenyewe ndizo zimekufa, motokari ipandishwe juu ya kamio. Ni franka nyingi, ndiyo.

KAMIO KUBWA

Kwa mashofere wa barabara ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa tutasema kidogo tu, wao ni watu wa kazi. Freni ya upepo ilianzia kwa treni. Mwaka 1869 Mwamerika George Westinghouse alifanya freni ambayo upepo ulikaza magurudumu. Lakini tiyo ikipasuka, freni zote zilikufa. Mwaka 1872 aligeuza kazi: upepo ndani ya tiyo ndio unaachilia freni, na upepo ukipotea, freni zinakaza zenyewe. Remoroki za leo zinafuata wazo hilo. Tiyo nyekundu inaleta upepo, ya manjano inaleta amri ya muguu. Nyekundu ikikatika, remoroki inasimama.

Ndiyo sababu tunakasirika na yule shofere ambaye, akiona remoroki imekaza njiani, anamwaga upepo wa tanki yake au anakaza kwa ufunguo kile cha kuachilia, ili afike. Amefika, kweli, na tani 20 nyuma zisizo na freni. Remoroki iliyokaza inasema tiyo imepasuka. Weka mawe chini ya magurudumu, tafuta fasi inayotoa upepo, iko sauti.

Kabla ya safari, remoroki ndogo au kubwa, fanya jaribio moja. Tembea pole kama mutu wa miguu, kaza freni, na mwenzako asimame pembeni aangalie magurudumu ya nyuma. Kiisha, mbele ya kilima, tia vitesi vidogo tangu juu, si katikati. Chini ya kilima simama, karibisha mukono kwa kila gurudumu bila kuligusa. Lile lenye moto sana kuliko wenzake linakaza peke yake. Lile la baridi halifanyi kazi. Yote mawili yaonyeshwe fundi kabla ya kupakia tena.