Je, Wajua Tairi Nusu Kipara Huishikaje Lami?

Mifereji ya tairi ni ya maji. Lami ikiwa kavu, kila mfereji ni mahali ambapo mpira haugusi chini, ndiyo maana magari ya Formula One hukimbia kwa tairi kipara kabisa siku isiyo na mvua. Kati ya hilo na tairi la kawaida lipo nusu kipara, kama Toyo R888R au Yokohama Advan A052: mifereji michache, mpira laini.

Kenya imejulikana zaidi kwa mashindano ya vumbi. Safari Rally ilianza 1953 na ikarudi katika ubingwa wa dunia 2021, huko Naivasha. Hata hivyo, Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution zilizotumika Japani zilishushwa bandarini Mombasa, na barabara ya lami ya Mtwapa, Kilifi hadi Malindi si ngeni kwazo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na tairi laweza kuwa na umri uleule wa gari.

Hapo ndipo fumbo huanza. Mpira bado mnene, mifereji ipo, lakini gari linaserereka kwenye kona.

Mshukiwa wa kwanza ni uzee wa mpira wenyewe. Pwani iliujua mpira kabla ya magari: utomvu wa mtoria, mtambaazi wa misituni, uliuzwa ng'ambo katika karne ya 19, na baadaye walowezi wakapanda miti ya mpira karibu na Malindi. Utomvu mtupu hunata kwenye joto na kupasuka kwenye baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba salfa na moto huufunga ukawa imara. Lakini kazi hiyo ya kufunga haikomi kiwandani. Joto, oksijeni na ozoni huendelea kuukaza mpira, na mafuta yanayoulainisha hupotea. Mpira mgumu hauwezi tena kujibonyeza katikati ya kokoto ndogo za lami, na kujibonyeza huko ni sehemu kubwa ya kushika. Jibu limeandikwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Tarehe ikiwa nzuri, mshukiwa wa pili ni upepo. Hewa ya ndani ikipanda joto kwa nyuzi tano au sita za Selsiasi, presha huongezeka kwa takribani PSI moja. Aliyejaza asubuhi kwa kipimo cha barabarani, kisha akakimbia kwa nguvu, atakuwa na tairi lililovimba katikati, mabega yakiwa hewani. Kipimo cha maana ni kile kinachochukuliwa mara tu gari linaposimama, pamoja na joto la mpira ndani, katikati na nje. Katikati kukiwa moto kuliko kando, upepo umezidi. Kando zote mbili zikiwa moto zaidi, umepungua. Bega la nje peke yake likichemka na kulika, magurudumu yanahitaji kupangwa upya.

Tairi nyingi za aina hii hupenda nyuzi 70 hadi 100 hivi. Chini ya hapo huteleza. Juu yake mpira hulegea na kung'aa. Msimu wa kaskazi jua la Malindi hulipasha tairi joto haraka, na huliunguza haraka vilevile. Mchanga wa ufuoni uliopeperushwa barabarani nao hugeuka gololi chini ya mpira.

Hatari kubwa zaidi ni masika. Majaribio ya NASA ya miaka ya 1960 yalitoa kanuni kwamba tairi lenye PSI 32 huanza kuelea karibu na kilomita 94 kwa saa, maji yakizidi kina cha mifereji. Nusu kipara ina mifereji michache, na anayepunguza upepo ili ashike vizuri zaidi huishusha kasi hiyo. Kwa hiyo mwenye gari la aina hii Kilifi au Malindi, ikifika Aprili, afunge tairi za kawaida, na zile za mashindano azihifadhi kivulini hadi lami ikauke.