Ulimi Hauna Mfupa, Lakini Una Makao Yake Kichwani

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Walikusudia kutuonya tuuchunge, maana huweza kunena lolote. Lakini iko siku ulimi huo huo, mzima wa nyama, hukataa kunena. Mzee aliyelala salama huamka alfajiri mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea, na akitaka maji humtoka neno moja tu lisilo maana. Hapo jamaa hugawanyika: huyu asema ni kiharusi, yule asema amepigwa na pepo, na mwingine anong'ona kuwa mzee kesharukwa na akili.

Ndugu msomaji, hilo la tatu ndilo tutakalo kulitazama leo, kwani ndilo liumizalo zaidi.

Ubongo wa binadamu umefunikwa na ganda la kijivu lenye mikunjo mingi, ambalo unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu. Ganda hilo ni kama mji wenye mitaa, na kila mtaa una kazi yake, ijapokuwa yote husaidiana. Kisogoni uko mtaa wa kuona. Ukiharibika pande zote mbili, mtu huwa kipofu ilhali macho yake ni mazima. Utosini, kuteremkia masikioni, upo ukanda uamrishao viungo, na nyuma yake ukanda wa kuhisi mguso. Penye panja upo mtaa wa kusikia. Nyuma ya paji la uso ndipo penye kupanga mambo na kujizuia. Tena upande wa kushoto wa ubongo huamrisha viungo vya kulia, na wa kulia huamrisha vya kushoto.

Elimu hii haikuja kwa siku moja. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kufundisha kuwa kukumbuka na kuwaza kuna mahali maalumu ubongoni, ingawa yeye alizitia nguvu hizo katika vyumba vya ndani. Habari za ganda zilibainika baadaye sana.

Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca aliletewa mgonjwa aitwaye Leborgne. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, na kila aulizwapo jambo alijibu "tan, tan". Je, alikuwa punguani? Broca alimwuliza amekaa hospitalini miaka mingapi. Leborgne alikunjua vidole vyote vya mkono mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja: miaka 21. Alikuwa sahihi! Baada ya siku chache alifariki, na Broca alipoutazama ubongo wake aliona umeharibika mbele, upande wa kushoto.

Mwaka 1874, Carl Wernicke wa Ujerumani alieleza maradhi ya namna nyingine. Wagonjwa hawa husema kwa ufasaha, maneno yakimiminika, lakini hayana maana, na wao wenyewe hawafahamu waambiwalo. Kwao kilichoumia ni nyuma ya panja la kushoto, karibu na sikio.

Basi wako wasemao kidogo na kufahamu mengi, na wako wasemao mengi na kufahamu kidogo. Kuwachanganya ni dhuluma.

Liko na jambo liwatatizalo jamaa wengi. Mgonjwa asiyeweza kuomba maji huenda akahesabu moja hadi kumi, akaimba kasida, au akasoma Alhamdu aliyoihifadhi tangu chuoni. Wasiojua husema anajifanya. La, hajifanyi! Yaliyohifadhiwa kwa mfululizo tangu utotoni hayahitaji kuundwa upya kama sentensi ya kuombea maji, na kwa hivyo aghalabu husalimika.

Aliyeumia upande wa kulia naye ana yake. Huenda akala wali wa upande mmoja tu wa sahani, wa kushoto akauacha kana kwamba haupo. Si kiburi wala uchaguzi wa chakula. Upande huo umetoweka katika fikira zake.

Haya yana uzito majumbani mwetu. Ni mara ngapi mzee aliyenyamaza hutengwa na shauri la posa, la shamba au la wasia? Wanazuoni wa fiqhi wanayo kanuni kuwa ishara ya bubu iliyo wazi hukaa mahali pa maneno. Kabla ya kumhukumu mzee kuwa hana akili, na apimwe na daktari iwapo anafahamu, na hukumu ya wasia aulizwe kadhi.

La kwanza, hata hivyo, ni mbio. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafula, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha kuonyesha kuwa ubongo hauvuji damu. Dua haikatazwi, lakini isomwe njiani. Na presha, iliyo sababu kubwa ya kiharusi, ipimwe kabla ya msiba.

Akirudi nyumbani, zungumza naye polepole, swali moja moja, la kujibiwa ndiyo au siyo. Usimpigie kelele, kwani si kiziwi. Umngoje. Wengi hurudishiwa maneno kidogo kidogo kwa mazoezi, na subira ya jamaa ni sehemu ya dawa.