Pikipiki Mpya Huanza kwa Kusomwa

Katika wadi ya Ekerenyo, eneo bunge la Mugirango Kaskazini, kaunti ya Nyamira, pikipiki mpya ni nadra kununuliwa na mtu mmoja. Baba hutoa bonasi ya majani chai, mama huongeza fungu lake la chama, na mjomba huuza ndama. Kinachopungua hukopwa. Kwa hiyo kijana anapoikabidhiwa, huwa amekabidhiwa matumaini ya jamaa nzima, pamoja na deni la mwaka mmoja au zaidi.

Pamoja na pikipiki hiyo huja kijitabu cha maelezo, kimetiwa katika mfuko wa plastiki. Aghalabu mfuko huo haufunguliwi. Mwenye chombo huwa amemaliza shule ya upili. Amefundishwa kusoma, kufupisha na kujibu maswali ya ufahamu. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba ujuzi ule ulikusudiwa pia siku kama hii. Hapa ndipo penye kasoro, nayo si ya kijana peke yake.

Neno bodaboda lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, pande za Busia, katika miaka ya 1960, kwa vijana waliowavusha watu kwa baiskeli. Pikipiki nazo zilitapakaa nchini Kenya baada ya mwaka 2008, serikali ilipoziondolea kodi ya VAT zile ambazo injini zake ni chini ya cc 250. Tangu hapo pikipiki za India na China zimefika hata kwenye miinuko ambako matatu hazikanyagi. Chombo kilikuja mbio. Elimu ya kukitunza ikaachwa nyuma.

Basi kijitabu kile husema nini? Maelezo hutofautiana kwa kila kampuni, lakini shina lake ni moja: kilomita za mwanzo, ambazo mara nyingi ni 1,000 au zaidi, ni za kuilea injini. Ndani ya silinda mpya, kuta na pete za pistoni zina mikwaruzo midogo mno. Zikisuguana taratibu, hulainishana na kukaana vyema. Chembe za chuma zitokazo humo huingia katika oili. Ndiyo sababu oili ya kwanza humwagwa mapema, ijapokuwa machoni pa mwenyewe bado ni safi.

Sasa mtazame kijana anayeikaza injini hiyo tangu siku ya kwanza, akipanda mlima na abiria watatu au mikungu ya ndizi iliyopandana. Huipasha joto kupita kiasi kabla haijakomaa. Baadaye injini huanza kula oili na kutoa moshi wa samawati, naye humlaumu aliyemwuzia. Kuilazimisha kupanda kwa gia ya juu hadi itetemeke ni kosa lilo hilo kwa sura nyingine. Mlima hupandwa kwa gia ya chini, mkono ukiwa mwepesi. Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mashine haiko mbali na methali hiyo.

Si injini pekee inayohitaji kulelewa. Magurudumu mapya huteleza zaidi kabla ya kukwaruzwa na barabara, na udongo mwekundu wa Nyamira baada ya mvua haumsamehe asiyejua hilo. Breki mpya nazo hazishiki sawasawa hadi zitumike kwa muda. Cheni hulegea upesi katika majuma ya kwanza, na spoki pia. Zisipokazwa, rimu hupinda. Haya yote hukaguliwa kwa dakika chache kila asubuhi, kabla ya kuwasha.

Najua jibu la vijana wenyewe. Watasema kwamba mkopeshaji hangoji injini ilainike; malipo huanza mara moja, na anayebeba mzigo mwepesi hurudi nyumbani na fedha nyepesi. Hoja hiyo ina uzito, maana deni ni deni. Lakini tufanye hesabu. Mhudumu aendaye kilomita 100 kwa siku humaliza kilomita 1,000 kwa siku kumi tu. Siku kumi za subira zikilinganishwa na mwaka mzima wa kulipa deni ni kitu kidogo, ilhali injini ikifa katikati ya mwaka, deni halifi nayo. Isitoshe, sheria ya Kenya humruhusu mwenye pikipiki kubeba abiria mmoja tu, wote wawili wakiwa na helmeti na jaketi za kuakisi mwanga. Anayeitii sheria hiyo tayari ameuondoa mzigo ambao ungeiumiza injini changa.

Karatasi nazo zina masomo yake. Pikipiki ikiwa ya mkopo, aghalabu jina la mkopeshaji huandikwa pamoja na la mnunuzi katika hati ya umiliki hadi deni liishe. Mwenye kuilipia na aijue hali hiyo mapema. Bima ya kumkinga mtu wa tatu ni ya lazima, na bima ya chombo cha binafsi si sawa na ya chombo kibebacho abiria kwa nauli. Asiyelisoma jambo hili hulitambua siku ya ajali, mbele ya abiria aliyevunjika mguu, wakati hakuna wa kumfidia. Leseni nayo hutafutwa kabla ya kuingia barabarani.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Mwalimu wa Fizikia anapofundisha msuguano na joto, mfano wake uko nje ya lango la shule, umeegeshwa chini ya mti. Mwalimu wa Kiswahili anapotafuta kifungu cha ufupisho, na atwae ukurasa mmoja wa kijitabu hicho, wanafunzi waufasiri kwa lugha ambayo kaka zao watailewa. Nanyi wanafunzi, mkiona mfuko wa plastiki haujafunguliwa nyumbani, ufungueni na mkisome kijitabu kwa sauti, baba na mama wakisikiliza.

Hapatahitajika mtaalamu kutoka Nairobi wala bajeti mpya. Pikipiki iliyonunuliwa kwa majani chai na ndama wa mjomba ni rasilimali ya jamaa, na kila rasilimali ina masharti yake. Ya hii yamekwisha kuandikwa. Yanamsubiri msomaji.