Mgeni Kazini: Habari za Mabinti wa Ayalandi



Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini siku moja niliielewa vizuri zaidi nikiwa langoni mwa kiwanda. Ilikuwa siku ya mshahara. Binti mmoja, mwezi wake wa kwanza kazini, alisimama kando ya ukuta ameshika bahasha yake, analia. Alikuwa amekatwa fedha kwa ajili ya vitu vilivyoharibika, wala hakuambiwa ni vitu gani. Nikamwuliza kwa nini hakudai maelezo. Akajibu: "Mzee, nimwulize nani? Hapa simjui mtu."

Niliona haya. Sisi wanachama tulikuwa tumepita mbele yake mwezi mzima. Jembe alipewa siku ya kwanza, lakini shamba hakuna aliyemwonyesha.

Kwa ajili ya binti huyo naandika habari za mabinti wengine waliofika ugenini kama yeye. Hao walitoka Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi vya nchi ile. Maskini wengi wa Ayalandi walikuwa wapangaji wa ardhi ya mabwana wakubwa, na chakula chao kilikuwa viazi hivyo tu. Njaa ikakaa miaka mingi. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Na nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza wakati watu wanakufa kando ya barabara! Njaa haikuletwa na ugonjwa wa viazi peke yake.

Hata baada ya njaa kwisha, watu waliendelea kuondoka. Shamba lilirithiwa na mtoto mmoja wa kiume, na mahari ilitosha binti mmoja tu. Waliobaki walitafuta meli. Karibu nusu ya wahamiaji hao walikuwa wanawake, na wengi wao walikuwa hawajaolewa. Usiku wa mwisho majirani walikusanyika nyumbani kwao, wakala, wakaimba na kulia kama katika matanga, kwa sababu mama alijua huenda asimwone tena mwanawe.

Huko Marekani wengi walipata kazi za nyumbani. Fikiri binti aliyezoea kupika viazi katika chungu kimoja juu ya moto wa kijijini. Sasa anawekwa mbele ya jiko kubwa la makaa, anaambiwa apike vyakula vya aina tano vya wageni wa bibi. Akikosea, anaitwa mjinga. Alilala chumba cha juu kabisa chini ya paa, au chini ya ardhi. Kengele ikilia, usiku au mchana, aamke. Nafasi yake ilikuwa alasiri moja ya juma na baadhi ya Jumapili. Waajiri wengine hawakujali hata jina lake: kila mtumishi wa Kiayalandi kwao alikuwa "Bridget".

Hata hivyo fedha ndogo waliyopata waliigawa, wakatuma nyumbani. Ililipa kodi ya ardhi, na ililipa nauli ya mdogo wake aje. Ndugu msomaji, wewe unayetuma nusu ya mshahara kijijini, mambo haya unayajua.

Wengine waliingia viwandani, na hapo ndipo namtaja Kate Mullany. Alizaliwa Ayalandi, akaja na jamaa zake mpaka mji wa Troy, katika jimbo la New York. Baba yake alipofariki, mzigo wa nyumba ulimwangukia yeye. Akaenda kuwa dobi.

Mji wa Troy ulitengeneza kola za mashati, zile za kufunga na kufungua. Wanawake walizifua kwa maji yanayochemka na dawa kali, wakazitia wanga wa moto, wakazipiga pasi. Kazi ilikuwa saa 12 hadi 14 kwa siku, kwa dola 3 au 4 kwa juma. Mikono iliungua. Na kola ikiharibika, fedha hukatwa katika mshahara. Basi mkumbuke binti wa langoni!

Hapo Troy wanaume wa viwanda vya chuma walikuwa na chama chenye nguvu. Kate na wenzake waliona jinsi wanavyopata nyongeza, wakajiuliza: kwa nini sisi tusifanye hivyo? Mwezi wa Februari 1864 wanawake wapatao 300 waliunda chama na kugoma. Haikupita hata juma moja, waajiri wakakubali nyongeza ya asilimia 25.

Wala hawakushiba wakasahau wengine. Mwaka 1866 wafua chuma walipokuwa katika shida na waajiri wao, chama cha madobi kiliwachangia dola 1,000. Pigeni hesabu wenyewe hizo ni mishahara ya majuma mangapi. Mwaka 1868 Kate aliteuliwa katibu msaidizi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza kupewa cheo kama hicho.

Sitaki kuwadanganya kwamba walishinda kila mara. Mwaka 1869 waligoma tena. Safari hii waajiri nao waliungana. Walimwahidi nyongeza kila atakayekitupa chama, na mwanachama wakamnyima kazi. Pia kola za karatasi zilikuwa zimeingia sokoni. Mgomo ulishindwa, na chama kikavunjika. Lakini nyumba aliyoishi Kate inatunzwa mpaka leo, na mwaka 1998 serikali ya Marekani iliitambua kuwa ni mahali pa historia ya taifa. Waajiri waliomshinda hatuwakumbuki hata majina.

Fundisho ni hili. Mgeni asiyejua mtu ni rahisi kumkata mshahara, na ni rahisi vilevile kumtumia kuvunja umoja wetu. Kosa si lake. Ni letu tuliompita.

Kwa hiyo kila mwakilishi katika idara yake, na kila mwanachama kambini, afanye mambo matatu. Kwanza, amjue mfanyakazi mpya kwa jina lake siku ile ile anayofika. Pili, akae naye siku ya mshahara, wasome pamoja karatasi ya malipo. Tatu, amlete mkutanoni, asimwambie tu kwamba mkutano upo.

Binti yule wa langoni tulimfuatia madai yake, akarudishiwa sehemu ya fedha zake. Sasa akija mgeni katika idara yake, yeye ndiye wa kwanza kumwuliza: "Unaitwa nani, dada, na umetoka wapi?"

Umoja ni nguvu.